Nusu ya Data Si Data

Jumatatu moja ya muhula uliopita, siku tisa kabla ya kuwasilisha ripoti ya utafiti wetu wa mwaka wa tatu, umeme ulikatika hosteli, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi kwa mara ya pili, kasha letu la diski likawasha taa nyekundu na kompyuta ikaacha kulitambua. Ndani ya kasha lile kulikuwa na video 86 za masomo tuliyorekodi tukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, pamoja na matokeo ya majaribio tuliyowapa wanafunzi. Kundi letu lilikuwa la watu sita, na wote sita tulitegemea video hizo hizo. Nakala nyingine haikuwepo popote.

Tulipochomoa na kuchomeka tena, kompyuta ikaleta ujumbe: fomati diski kwanza ndipo uitumie. Mwenzetu mmoja alishapeleka kidole kwenye kitufe cha kukubali. Wengine tukapiga kelele kwa pamoja. Wakati ule hatukuwa na ujuzi wowote, tulikuwa na woga tu, lakini woga ule ndio uliotuokoa.

Wiki iliyofuata nilijifunza mambo ambayo laiti ningeyajua siku tuliyochangishana hela za bumu kununua lile kasha. Nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote anayetunza utafiti wake, picha za harusi anazopiga wikiendi au nyimbo anazorekodi chumbani, kwenye kasha kama letu.

Diski mbili, faili moja

Kasha letu lilikuwa na diski mbili za terabaiti 2 kila moja. Kompyuta ilikuwa inaona diski moja ya terabaiti 4. Sisi tulifurahi, tukaona tumepata kubwa kwa bei poa. Hakuna aliyeuliza: hizo mbili zinakuwaje moja?

Jibu ni mpangilio unaoitwa RAID 0. Chukua mfano wa mtu anayeandika hadithi kwenye madaftari mawili. Sentensi ya kwanza anaiandika daftari A, ya pili daftari B, ya tatu A, ya nne B, mpaka mwisho. Akipoteza daftari B, hajabaki na nusu ya kwanza ya hadithi. Amebaki na sentensi moja moja za kuruka, tangu mwanzo hadi mwisho. Na mashine ni katili kuliko huyo mwandishi, maana haikati kwenye nukta. Inakata kwa kipimo, hata katikati ya neno.

Kipimo hicho mara nyingi ni kilobaiti 64 au 128, ingawa kuna safu za diski zinazotumia vipande vidogo au vikubwa zaidi. Video moja ya megabaiti 700, ikikatwa vipande vya kilobaiti 64, inatoa vipande 11,200. Vipande 5,600 vinakwenda diski ya kwanza na 5,600 diski ya pili, kwa zamu. Faida yake ni kasi: diski zote mbili zinasoma na kuandika kwa wakati mmoja, kwa hiyo faili kubwa linapita karibu mara mbili ya kasi ya diski moja. Kwa mtu anayehariri video hiyo si faida ndogo.

Jina lenyewe lina kichekesho. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala wakionyesha kwamba diski nyingi za bei nafuu zikiunganishwa zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama. Walijua tatizo: diski zikiwa nyingi, nafasi ya mojawapo kufa inaongezeka. Kwa hiyo mipangilio yao, waliyoipa namba 1 hadi 5, yote iliweka data za ziada za kufidia diski inayokufa. Herufi R kwenye RAID inasimamia ziada hiyo. Namba 0 ilikuja kuongezwa baadaye kwa mpangilio usio na ziada yoyote. Yaani hiyo sifuri inakwambia ukweli mtupu: kinga ni sifuri.

Hesabu ambayo hatukuifanya

Tuseme, kwa mfano tu, kila diski ina uwezekano wa asilimia 5 wa kufa ndani ya mwaka. Ukiwa na moja, uwezekano wa kumaliza mwaka salama ni asilimia 95. Ukiwa na mbili kwenye RAID 0, lazima zote mbili zipone: 0.95 mara 0.95, sawa na 0.9025. Hatari imepanda hadi asilimia 9.75. Ukiwa na nne, hatari inafika karibu asilimia 18.5. Hii ni hesabu ya sekondari kabisa, tunaifundisha wenyewe kwenye mada ya uwezekano, na hatukuitumia kwenye mali yetu.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea alizitoa diski zote mbili, akachomeka moja moja kwenye kompyuta yake na kuendesha programu ya kurejesha mafaili. Baada ya saa kadhaa akatuita. Kweli, kwenye kioo kulikuwa na majina ya video zetu, tarehe zake, hata ukubwa wake. Tulishangilia. Kisha tukafungua ya kwanza, ikagoma. Ya pili ikagoma. Ya kumi ikagoma.

Fundi hakuwa mwongo. Majina ya mafaili yanakaa kwenye orodha, na sehemu za orodha hiyo zilikuwa nzima ndani ya diski aliyoisoma. Lakini mwili wa kila video ulikuwa umekatwa, nusu ya vipande vyake viko kwenye diski nyingine. Mafaili madogo pekee, yaliyotosha ndani ya kipande kimoja, ndiyo yalifunguka: barua mbili za utambulisho na nembo ya chuo.

Tulirudi hosteli kimya kimya. Jioni ile tulielekezwa kwa kaka mmoja wa mwaka wa nne, uhandisi wa kompyuta. Alitusikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema, "Ticha, noti ya elfu kumi ukiichana katikati, hupati elfu tano mbili. Leteni zote mbili, na asiguse mtu mwingine."

Kwanza ujue kilichokufa

Kasha la diski likizima, wengi tunasema "diski imekufa". Huenda diski ni nzima kabisa. Kuna hali kama nne hivi.

Ya kwanza ni kasha lenyewe: adapta ya umeme au bodi ya ndani inayozigawia diski zamu imeungua. Hii ndiyo heri kuliko zote, kwa sababu data ziko salama na kazi ni kuzipanga upya kwa kompyuta. Tahadhari moja tu: baadhi ya makasha yana chipu inayoficha data kwa msimbo, na hayo huwezi kuyasoma bila bodi ya aina ile ile.

Ya pili ni bodi ndogo ya umeme iliyofungwa chini ya diski. Zamani watu waliibadilisha kwa kuchukua ya diski nyingine ya aina hiyo hiyo. Kwa diski za sasa hiyo peke yake kwa kawaida haitoshi, kwa kuwa kila bodi ina chipu yenye vipimo vya diski yake, na vipimo hivyo lazima vihamishwe.

Ya tatu ni sehemu mbovu kwenye sahani. Diski inazunguka, inasoma, lakini ikifika sehemu fulani inakwama. Yetu ya pili ilikuwa hapa.

Ya nne ndiyo mbaya: vichwa vya kusomea vimeharibika. Vichwa hivi vinaelea juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, kwa umbali wa nanomita chache. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ukisikia diski inagonga tk, tk, tk, au inakwaruza, zima hapo hapo. Kila sekunde ya ziada inaweza kuwa inakwangua data zenyewe. Diski ya namna hiyo inafunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi, na mtu mwenye vifaa. Usidanganyike na video za mtandaoni za jamaa anayeifungulia mezani kwa bisibisi.

Mambo ya kutofanya saa ya kwanza

Usifomati, na usikubali kompyuta ikikuomba "kuianzisha" diski. Hata ule ufomati wa haraka, usiofuta kila kitu, unaandika orodha mpya juu ya ile ya zamani. Kwenye SSD ni hatari zaidi: ukifomati, diski inaweza kuambiwa kwamba nafasi yote ni tupu, ikaanza kusafisha yenyewe, na hapo hakuna programu itakayorudisha kitu.

Usiendeshe programu ya kurekebisha diski. Kazi yake ni kufanya orodha ya mafaili ikubaliane na kilichopo. Ikikuta nusu ya vipande haipo, "urekebishaji" wake unaweza kuwa ni kufuta taarifa za mafaili yako.

Usitengeneze safu mpya ya RAID kwenye diski zile zile ukitumaini ya zamani itarudi.

Usiiweke diski kwenye friji. Ushauri huo unazunguka miaka yote. Diski ikitoka kwenye baridi inapata unyevu, na unyevu na sahani havipatani.

Cha kufanya ni kidogo: zima, toa diski, ziandike kwa kalamu ya wino mzito namba 1 na 2 kufuata nafasi zilizokuwa ndani ya kasha. Hilo la mwisho linaonekana la kitoto, lakini utaona faida yake.

Nakili kwanza, fikiri baadaye

Kanuni ambayo kaka yule aliirudia mpaka tukaikariri: kazi yote inafanyika kwenye nakala, diski halisi inaguswa mara moja tu. Na nakala yenyewe ni ya diski nzima, baiti kwa baiti, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu. Huburuti mafaili, maana mafaili bado hayapo.

Hapo ndipo tulipoanza kupiga hodi vyumbani. Tulihitaji diski mbili za terabaiti 2 za kupokea nakala, na nyingine ya terabaiti 1 ya kuwekea video zitakazopona. Tuliazima kwa watu watatu tofauti, kila mmoja tukimwapia kwamba itarudi tupu na salama.

Diski ya kwanza ilisomeka vizuri. Kwa kasi ya megabaiti 120 kwa sekunde, terabaiti 2 zinachukua kama saa nne na nusu. Ya pili ilichukua karibu siku mbili. Tulitumia programu ya bure inayoitwa ddrescue. Akili yake ni kama ya mwanafunzi mzuri kwenye chumba cha mtihani: inajibu kwanza maswali rahisi. Inasoma maeneo mazima haraka, ikikuta sehemu mbovu inairuka, na mwishoni ndipo inarudi kupambana na zile ngumu, kidogo kidogo. Kwa njia hiyo, hata diski ikifia njiani, umeshapata sehemu kubwa. Tena inaandika pembeni ramani ya ilipofika. Umeme ulikatika mara mbili katika siku hizo, na mara zote mbili iliendelea kutoka pale pale.

Mwisho wa yote, sehemu zilizokataa kusomeka zilikuwa kama megabaiti 11. Kati ya terabaiti 2, hiyo ni tone. Lakini tone likidondokea kwenye orodha ya mafaili badala ya katikati ya video, ni habari nyingine.

Kutafuta zamu

Sasa tulikuwa na nakala mbili, sawa na madaftari mawili. Kuyasoma kwa pamoja kunahitaji majibu matatu: daftari lipi linaanza, kila kipande kina ukubwa gani, na data zinaanzia wapi ndani ya diski, maana makasha mengine yanahifadhi taarifa zao mwanzoni.

Kwa diski mbili, mpangilio wa nani aanze una njia 2 tu. Vipimo vya kawaida vya vipande ni kama sita, kuanzia kilobaiti 16 hadi 512. Jumla ni michanganyiko 12, unaweza kuijaribu yote mchana mmoja. Lakini diski zikiwa nne, njia za kuzipanga ni 24, na mara sita ni 144. Ndiyo maana nikasema andika namba.

Kuna vidokezo vya kupunguza kubahatisha. Diski ya kwanza kwa kawaida ndiyo hubeba mwanzo wa safu nzima. Kwa safu ya terabaiti 4, ukitazama baiti ghafi za sekta ya pili unatarajia kukuta herufi EFI PART. Sisi tuliziona kwenye nakala namba 1. Swali la kwanza na la tatu yakawa yamejibiwa kwa pamoja.

Swali la ukubwa ndilo lililonifurahisha, kwa sababu lilijibiwa na kazi yetu wenyewe. Tulikuwa na faili la maandishi matupu lenye majibu ya majaribio, mistari 6,000, kila mstari na namba yake na herufi 40 kamili. Tulitafuta faili hilo ndani ya nakala ya diski ya kwanza. Namba zilikuja vizuri kwa mfululizo, zikakatika kwenye mstari wa 2,011, kisha zikaendelea kuanzia 3,650 hivi. Mistari kama 1,638 imeyeyuka. Zidisha kwa herufi 40: unapata 65,520, karibu sawa na 65,536, yaani kilobaiti 64. Tukageukia nakala ya pili, na mistari ile iliyopotea ilikuwepo, imetulia inatusubiri. Sikuwahi kufikiri jedwali la alama linaweza kunitoa machozi.

Baada ya hapo, kaka aliziunganisha nakala kwa programu ya Linux iitwayo mdadm, kwa amri inayojenga safu bila kuandika chochote juu ya nakala, akaifungua kwa kusoma tu. Folda zetu zikatokea.

Onyo hapa: usishangilie kwa sababu picha ndogo imefunguka. Picha ya kilobaiti 20 inaweza kukaa ndani ya kipande kimoja, kwa hiyo itafunguka hata kama umekosea zamu. Jaribu kwa faili kubwa linalovuka vipande vingi. Picha kubwa ikionekana sawa juu halafu chini ikawa rangi zilizovurugika, zamu au kipimo si sahihi.

Watoto walio ndani ya video

Kuna jambo tulilikumbuka kwa kuchelewa, na sisi ndio wa kwanza kupaswa kulikumbuka. Video zile zilikuwa na nyuso za watoto wa shule ya msingi. Wazazi walisaini fomu za ridhaa, na tuliahidi kwa maandishi kwamba watakaoziona ni watafiti na msimamizi wetu. Siku ya kwanza tuliziacha diski kwa fundi saa nzima na zaidi, tukaenda kula. Hatukumwuliza kama anabakiza nakala. Hatukumwuliza kitu.

Tulirudi kwake baadaye tukamwomba afute alichokuwa nacho, akafanya hivyo mbele yetu bila kinyongo. Hata hivyo funzo limebaki. Ukipeleka diski kwa fundi unampelekea pia watu waliomo ndani. Kaa naye akifanya kazi, au mkubaliane kabla. Na diski za kuazima tulizotumia kwa nakala, tulizifuta kwa kuandika juu yake zote kabla ya kuzirudisha. Kutupa kwenye kapu la takataka kusingetosha.

Tulichopata na tulichopoteza

Kati ya video 86, zilifunguka vizuri 79. Nne zina sehemu zinazokwama, picha inaganda sekunde kadhaa kisha inaendelea. Tatu hazikupona. Mojawapo ya hizo tatu ni somo la sehemu, darasa la saba, ambapo msichana mmoja aliyekaa kimya wiki tatu nzima alinyanyuka akawaeleza wenzake kwa nini nusu ya robo si robo. Tulikuwa tumeipangia sura nzima. Darasa lile limeshamaliza shule, halirekodiwi tena. Kwenye ripoti tumeandika kwa aya moja, kutoka kwenye madaftari yetu ya kumbukumbu, na tukaeleza kwa uwazi kwamba video imepotea.

RAID 0 yenyewe haina dhambi. Ni nzuri kwa kazi ya muda ambayo ukiipoteza unaifanya upya. Tatizo ni kuitumia kama ghala. Hata mipangilio yenye ziada, kama RAID 1 inayoandika kitu kile kile kwenye diski zote mbili, haichukui nafasi ya nakala ya akiba. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, litafutika kote kwa mkupuo mmoja. Mwizi akibeba kasha, amebeba diski zote.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujaahirisha, fanya kitu kimoja. Kama una kasha lenye diski mbili, jumlisha ukubwa wake. Kompyuta ikikuonyesha jumla ya zote mbili, ziko kwenye RAID 0 au mpangilio mwingine usio na kinga. Ikikuonyesha ukubwa wa moja tu, huenda unayo ziada. Vyovyote iwavyo, kilicho muhimu kiwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya chumba chako: kwa ndugu, kwenye mtandao, au ofisini kwa msimamizi. Sisi sasa kila tukirekodi, hatuendi kula mpaka nakala ya pili imekamilika.